Kuchagua Maikrofoni na Vyombo vya Bendi Isafiriyo
Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

Somo letu la leo limetokana na barua. Vijana saba wa Robanda, wilaya ya Serengeti, wana bendi yao: wapigaji wawili wa gitaa, mmoja wa gitaa la besi, mmoja wa ngoma, waimbaji wawili, na mpigaji wa litungu aliyetoka upande wa Tarime. Hupiga Robanda kwenyewe, hupiga Mugumu, na siku za sherehe huvuka mpaka Tarime. Kwa miaka miwili wamekuwa wakiweka akiba. Sasa wanauliza: fedha hizi tununue spika kubwa kwanza, au maikrofoni?

Mwisho wa barua, kwa herufi ndogo, wameongeza swali la pili. Yuko tajiri mmoja aliyejitolea kuwanunulia vyombo vyote, wakikubali bendi iwe yake. Je, wakubali?

Swali la pili ni zito kuliko la kwanza, lakini hatuwezi kulijibu kabla ya kulijibu la kwanza. Maana mtu asiyejua anahitaji vyombo gani hudhani kwamba anahitaji vyote. Na adhaniye kwamba anahitaji vyote huona hana budi kumwendea tajiri. Basi na tuanze na vyombo.

Kwanza tusafishe maneno. Watu wengi huita maikrofoni "kipaza sauti". Jina hilo limezoeleka, wala sitaki kugombana na mtu, lakini linapoteza. Maikrofoni haipazi kitu. Kazi yake ni kupokea sauti na kuigeuza kuwa umeme mdogo sana. Umeme huo huenda kwenye mikisa, ambamo sauti mbalimbali huchanganywa na kupimwa kila moja kwa kadiri yake. Kutoka hapo huenda kwenye amplifaya, ambayo ndiyo hasa inayoupaza. Mwisho hufika kwenye spika, nayo huugeuza umeme kuwa sauti tena. Mkielewa safari hii mtaelewa mengine yote. Sauti iliyoingia mbaya mlangoni haitengenezwi na spika. Itatoka mbaya vile vile, ila kubwa zaidi.

Maikrofoni za jukwaani ni za namna mbili. Ya kwanza huitwa ya daynamiki. Ndani yake mna utando mwembamba ulioshikamana na koili ndogo ya waya, na koili hiyo imekaa katikati ya nguvu ya sumaku. Mwimbaji akiimba, utando hutikisika, koili hutikisika pamoja nao, na umeme huzaliwa. Ni jamaa wa dainamo ya baiskeli iwashayo taa ya mbele. Tofauti ni kwamba badala ya gurudumu, kinachoisukuma ni pumzi ya mtu. Haihitaji betri wala umeme wa kuisaidia. Huvumilia kuanguka, huvumilia vumbi, huvumilia kutupwa ndani ya lori pamoja na magunia.

Namna ya pili ni ya kondensa. Hiyo haina koili. Ina vibamba viwili vilivyokaribiana sana, kimoja hutikisika na kingine hakitikisiki, nayo haiwezi kufanya kazi isipopewa umeme, aghalabu volti 48 kutoka kwenye mikisa. Husikia vizuri mno. Katika studio jambo hilo ni sifa. Katika uwanja wa kijiji ni taabu, kwa kuwa itamsikia mwimbaji, na mpiga ngoma aliye nyuma yake, na jenereta, na mtu anayekohoa. Tena haipendi vumbi wala unyevu. Kwa bendi isafiriyo, na hasa bendi changa, shauri langu ni moja: nunueni za daynamiki, hizo za kondensa waachieni wenye studio.

Pengine mtauliza, ipi katika hizo za daynamiki? Kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa maikrofoni iitwayo SM57 mwaka 1965, na mwaka uliofuata ikatoa SM58, ile yenye kichwa cha mviringo cha wavu wa chuma. Hata leo ukiona picha za waimbaji jukwaani, utaiona mikononi mwao mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Mimi siiuzi, wala sipati kitu ikinunuliwa. Naitaja kwa sababu ni kipimo kizuri cha kulinganishia nyingine. Uzito wake ni karibu gramu 300; hupokea sauti kutoka mitikisiko 50 kwa sekunde mpaka 15,000; na bei yake Marekani ni yapata dola 100. Kwa sababu inapendwa, imeigizwa sana, na kampuni yenyewe imekuwa ikiwaonya wanunuzi juu ya za bandia. Mtu akikuuzia moja mpya kwa robo ya bei hiyo, umenunua jina lililochapwa juu ya bati. Afadhali maikrofoni ya kampuni isiyo na sifa kubwa, lakini ya kweli na yenye hati ya duka, kuliko ya uwongo yenye jina kubwa. Nanyi msinunue kabla ya kuijaribu kwa sauti ya mwimbaji wenu mwenyewe. Maikrofoni impendezayo mwanamke mwenye sauti nyembamba huenda ikamfanya mwanamume mwenye sauti nene asikike kama anayezungumza kutoka ndani ya pipa.

Jambo la kuulizia dukani, ambalo wengi hawaliulizi, ni upande ambao maikrofoni inasikilizia. Nyingine husikia pande zote. Hizo msizichukue. Zichukueni zile zisikiazo zaidi mbele, kidogo pembeni, na karibu haba nyuma. Ukilichora eneo la kusikia kwake kwenye karatasi, litakuwa na umbo la moyo. Nyuma ya moyo huo ndipo penye uziwi, na uziwi huo ni mali. Spika ya waimbaji kujisikia iwekeni pale pale penye uziwi.

Sasa tumefika kwenye ugonjwa mkuu wa bendi zetu, yaani ule mluzi wa kukata masikio ambao wengi huuita fidibaki. Chanzo chake ni rahisi. Sauti hutoka kwenye spika, hurudi ikaingia kwenye maikrofoni, hupazwa, hutoka tena, huingia tena, na kila mzunguko huongezeka, mpaka watu wanaziba masikio na watoto wanalia. Mluzi ukitokea, watu husema, "Spika hizi ni mbovu, tununue kubwa zaidi." La. Spika kubwa zaidi itapiga mluzi mkubwa zaidi.

Dawa ya kwanza haina gharama. Spika kuu ziwe mbele ya waimbaji, zikitazama watu, wala zisiwe nyuma yao zikitazama migongo yao. Dawa ya pili pia haina gharama, na hapa naomba wenye kalamu waandike. Mwimbaji asogee. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Kila mara umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapopungua kwa nusu, sauti iingiayo huongezeka kwa desibeli 6. Mwimbaji aliyekuwa sentimita 20 akisogea mpaka sentimita 10, amepata 6. Akisogea mpaka sentimita 5, amepata 12. Na ukitaka kupata desibeli 12 kwa kununua amplifaya, lazima ununue yenye nguvu mara 16 ya ile uliyo nayo! Hatua ya sentimita 15 tu imefanya kazi ya mashine ambayo hata jenereta yenu isingeweza kuiendesha. Lipo dogo la kuangalia: mwimbaji akiwa karibu hivyo, maikrofoni hizi huongeza unene wa sauti yake, basi fundi apunguze besi kidogo kwenye mikisa. Na mwimbaji asikikumbatie kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, kama nionavyo vijana wakifanya kwa mtindo. Ukiziba nafasi zile za nyuma, unauharibu ule moyo, na maikrofoni huanza kusikia pande zote.

Dawa ya tatu itawashangaza: maikrofoni zisizidi. Kila mkizidisha idadi ya maikrofoni zilizo wazi mara mbili, mnapoteza desibeli 3 kabla mluzi haujaanza. Mwenye maikrofoni nane jukwaani zote wazi ana nafasi ndogo kuliko mwenye mbili. Ngoma za bendi katika uwanja wa Robanda zinasikika zenyewe. Magitaa yana amplifaya zao wenyewe. Waimbaji wawili, maikrofoni mbili. Litungu, moja. Na moja ya akiba sandukuni. Jumla nne.

Tuzungumze juu ya litungu, kwa kuwa ndilo litakaloifanya bendi hii isifanane na nyingine. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane, mwili wake ni mti uliochimbwa ukafunikwa ngozi, na sauti yake ni nene yenye kutetemeka. Lakini lilitengenezwa kusikika na watu waliolizunguka, wala halikutengenezwa kushindana na gitaa la umeme. Msidhani maikrofoni peke yake italiokoa. Fanyeni hivi: mpigaji apige, mtu mwingine azibe sikio moja kwa kidole, ainame, alizungushe sikio lake jingine mbele ya ngozi, karibu na nyuzi, karibu na ukingo, mpaka apate mahali ambapo sauti ni tamu na haigongi. Maikrofoni ikae pale pale, kwa stendi fupi, kama sentimita 10 kutoka kwenye ngozi, na spika ya gitaa isiielekee. Iko pia njia ya kubandika pikapu ndogo juu ya chombo. Hiyo haipigi mluzi upesi, ila sauti yake hukauka, tena huhitaji kikuza sauti kidogo kabla ya kufika kwenye mikisa. Mimi ningeanza na maikrofoni.

Kisha magitaa yapungue. Hili ndilo gumu, kwa kuwa halinunuliwi. Mpiga gitaa huweka amplifaya yake chini, ikampigia miguuni; yeye hajisikii, kwa hiyo huongeza. Iinueni juu ya kiti, au ilazeni kidogo iyatazame masikio yake, naye atapunguza mwenyewe bila kuambiwa. Bendi kubwa za nchi hii zilizorekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga wote pamoja kwa wakati mmoja, kwa vyombo vichache vya kunasia. Aliyetakiwa kusikika alikaa karibu, na aliyetakiwa kusikika kidogo alikaa mbali au alipiga polepole. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, walitoka katika malezi hayo. Sikilizeni nyimbo zao za zamani, mtasikia kila neno.

Na spika? Wauzaji watawaonyesha watt. Watawaambia hii ni watt 500 na hii ni watt 1,000, kana kwamba ya pili inapiga mara mbili. Haipigi mara mbili. Ukizidisha watt mara mbili, wapata desibeli 3 tu, badiliko ambalo msikilizaji wa kawaida hulitambua kwa shida. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, zahitajika kama desibeli 10, yaani watt mara kumi. Basi acheni watt, ulizeni desibeli ngapi kwa umbali wa meta moja. Tuseme wamewaambia 120. Uwanjani, pasipo kuta za kurudisha sauti, kila umbali ukizidi mara mbili mnapoteza 6. Meta 2 ni 114. Meta 4 ni 108. Meta 8 ni 102. Meta 16 ni 96. Meta 32 ni 90. Desibeli 90 kwa mtu aliye meta 32 yatosha kabisa kucheza dansi, na bado atamsikia jirani yake akimwita.

Kwa hiyo spika mbili za inchi 12, zenye amplifaya ndani yake, zenye stendi za kuzinyanyua juu ya vichwa vya watu, zinatosha kijijini. Nasisitiza stendi. Spika iliyowekwa chini huwapigia watu wa mbele tumboni, na miili yao huzimeza sauti nyembamba, ambazo ndizo zibebazo herufi kama s, t na f. Mtu wa nyuma husikia mdundo, asisikie maneno. Naye alikuja kusikia maneno pia. Katika ukumbi wenye paa la bati, kama mtakavyokuta mahali pengi Mugumu, elekezeni spika chini kidogo, kwa watu, msilipigie bati.

Tena Robanda iko ukingoni mwa Hifadhi ya Serengeti. Huko mtu anayerudi nyumbani usiku kwa miguu ana haja ya masikio yake, kwa sababu tembo hawapigi honi. Kelele ya kuziba masikio kwa saa nyingi humwacha mtu na uvumi kichwani mpaka asubuhi. Hilo nalo lihesabiwe mnapochagua spika.

Maikrofoni zisizo na waya ziacheni kwa sasa. Zinatumia mawimbi ya redio, na mawimbi nchini yanasimamiwa na TCRA, zinakula betri, na ikiharibika moja njiani, fundi wa kijijini hana la kufanya. Waya wa meta 10 akiharibika mtu ataulehemu kwa dakika tano. Nyaya ziwe zile za pini tatu. Ndani yake sauti husafiri kwa nyaya mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Kelele za nje huziingia zote mbili kwa namna moja, na huko mwisho hufutana, sauti ikabaki safi. Mmoja wenu na ajifunze kulehemu. Namsema kwa nusu dakika tu, lakini bendi ikikwama njiani, aghalabu imekwama kwa waya, wala si kwa maikrofoni.

Sasa nitasema juu ya umeme, na naomba kikundi kinyamaze kidogo, kwa kuwa jambo hili linaua. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea, Uingereza, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni jukwaani mbele ya watu huku gitaa likiwa mikononi mwake. Vyombo havikuwa vimeunganishwa sawasawa na ardhi. Umeme ulipita mwilini mwake, akafa. Alikuwa kijana wa miaka 27. Mnaelewa namna ilivyo: nyuzi za gitaa zimeungana na amplifaya ya gitaa, maikrofoni imeungana na mikisa, ikiwa kimoja kati ya hivyo kina kasoro ya waya wa ardhi, mwanadamu anayevigusa vyote viwili huwa ndiye waya.

Basi vyombo vyote vipate umeme mahali pamoja, kutoka chanzo kimoja. Msichukue mwingine dukani kwa jirani na mwingine kwenye jenereta. Pini ya tatu ya plagi, ile ya ardhi, isikatwe kamwe, hata kama tundu la ukutani lina matundu mawili. Tafuteni tundu jingine. Jenereta na ifungwe waya wa ardhi na fundi anayejua, na njia ya umeme iwe na swichi ya usalama, ile inayokata yenyewe umeme unapovuja. Kabla ya wimbo wa kwanza, mtu apime kwa mita kati ya wavu wa maikrofoni na nyuzi za gitaa. Mita ikionyesha sifuri au karibu yake, imbeni. Ikipanda mpaka makumi ya volti, hapana mtu kuimba, hata kama watu wamekwisha kulipa. Mita hiyo ni rahisi kuliko kitu chochote nilichokitaja leo, nami nataka iwe ya kwanza katika orodha yenu. Jenereta ikae mbali kadiri waya unavyofika, upande upepo unakoelekea. Kabla ya kuizima au kuongeza mafuta, zimeni amplifaya kwanza. Na mafuta yasiongezwe ingali ya moto.

Orodha yenyewe basi: mita na swichi ya usalama, maikrofoni nne za daynamiki na stendi zake, nyaya sita, maana mbili ni za akiba, mikisa ndogo ya njia nane, spika mbili za inchi 12 na stendi, na masanduku ya mbao yaliyotandikwa vipande vya godoro kuukuu. Jenereta kodini mpaka mwakani. Vyote hivi, pamoja na magitaa, hupakiwa ndani ya gari moja dogo.

Ninyi mnajua mna kiasi gani. Lakini kwa barua yenu naona orodha hii haiko mbali nanyi, na kama haitoshi leo, mikisa na maikrofoni zaweza kutangulia, spika zikakodiwa.

Ndiyo maana sasa naweza kujibu juu ya tajiri. Katika historia ya muziki wa dansi wa nchi yetu, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Nyimbo zilizotoka humo twazipenda hadi leo, na wengi wa wanamuziki walipata mshahara, jambo ambalo si dogo. Lakini mwanamuziki alipotoka, alitoka na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki.

Simtukani tajiri wenu, huenda ni mtu mwema. Mwambieni hivi: badala ya kununua bendi, atukopeshe spika mbili, tumlipe kwa kila onyesho mpaka deni liishe, na kwa maandishi. Andikeni katika mkataba kila chombo na namba yake iliyochapwa nyuma, bei yake, na siku kitakapokuwa chenu. Andikeni pia ni nini kitatokea mmoja wenu akiondoka. Wote saba watie sahihi, na nakala moja ikae kwa mtu asiyekuwa mwanabendi. Akikataa, mmejua alichokuwa akikitaka.

Kazi ya vikundi kabla ya somo lijalo: watu wawili waende uwanjani, mmoja asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mwingine arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka pale asipoyaelewa maneno ingawa sauti bado aisikia. Hesabuni hatua, andikeni. Kisha msomaji apande juu ya kiti, mrudie. Leteni hesabu zote mbili. Kwaherini.